Ahadi Isiyodaiwa: Utetezi wa Mazingira Kwenye Njia ya Pesa

Ahadi ni deni, ndivyo tulivyofundishwa, na hakuna anayeiamini methali hiyo kuliko benki. Chelewesha marejesho ya mkopo miezi mitatu uone. Ahadi yako iliandikwa, ikasainiwa, ikawekewa dhamana, na ikivunjika kuna wakili, kuna mahakama, kuna dalali wa mnada.

Sasa tazama ahadi ya benki yenyewe. Aprili 2021 benki 43 ziliungana chini ya mwavuli wa Umoja wa Mataifa, zikaahidi kwamba ifikapo 2050 mikopo na uwekezaji wao vitakuwa vimefikia sifuri halisi, maana yake shughuli zinazogharamiwa na pesa zao zisiongeze angani hewa ukaa zaidi ya ile inayoondolewa. Wanachama waliongezeka hadi wakapita 140. Kisha, kati ya Desemba 2024 na Januari 2025, benki sita kubwa za Marekani zikatoka moja baada ya nyingine. Oktoba 2025 waliobaki walipiga kura na muungano ukasitisha shughuli zake. Hakuna dalali aliyebisha hodi wala dhamana iliyonadiwa. Ahadi ilikuwepo, ila haikuwa deni la mtu.

Tofauti hiyo kati ya ahadi inayodaiwa na isiyodaiwa ndiyo ambayo watetezi wa mazingira wamehangaika nayo kwa zaidi ya miaka 30 sasa. Ukiwatazama kwa mbali utaona mabango na kelele nje ya mikutano ya wakubwa. Ukiwasogelea utakuta watu wanaosoma masharti ya mikopo, sera za benki za maendeleo na kanuni za masoko ya mitaji, wakitafuta jambo moja katika kila karatasi: nani ana haki ya kudai, amdai nani, na kwa andiko gani?

Pesa huingiaje kwenye mradi

Bwawa kubwa la umeme, bomba la mafuta au mtambo wa makaa ya mawe haujengwi kwa pesa za mfukoni mwa mwenye nao. Mwenye mradi huleta sehemu ya mtaji, tena mara nyingi ndogo, na iliyobaki hukopwa kwa benki kadhaa zinazochanga mkopo mmoja ili hasara ikitokea isiiangukie moja peke yake. Juu ya hapo huja bima, kwani hakuna mkopeshaji mwenye akili timamu atakayetoa pesa kwa mtambo usio na bima. Mara nyingi huja pia dhamana ya serikali, ama ya nchi unakojengwa mradi au ya nchi inayouza mitambo, ambayo huwa na wakala wake wa kukopesha na kudhamini mauzo ya nje.

Hapa kuna jambo ambalo mtu akilikosa hataelewa kwa nini kampeni moja hufaulu na nyingine hugonga mwamba. Zipo njia mbili za kukopa. Ya kwanza ni mkopo wa mradi. Inaundwa kampuni mpya kwa ajili ya mradi huo peke yake, na deni linalipwa kwa mapato ya mradi huo tu. Mradi ukikwama, benki zimekwama nao. Kwa sababu hiyo wakopeshaji huchunguza kila kitu: ardhi imepatikana kwa njia halali? Wenye mashamba wamelipwa fidia? Kuna kesi? Maandamano ya kijiji yakisimamisha magari ya ujenzi miezi sita, hiyo ni hasara inayohesabika. Ndipo mtetezi anapopata pa kushika, maana malalamiko ya wavuvi yanageuka kuwa hatari ya mkopo.

Ya pili ni mkopo wa kampuni. Kampuni kubwa ya mafuta inakopa kwa jina lake, na mkataba unasema pesa ni za “shughuli za jumla za kampuni”. Hakuna kisima kinachotajwa, wala kijiji. Au inauza hati fungani, yaani inakopa kwa wawekezaji wengi kwa mpigo, na benki inabaki kuwa wakala anayezitafutia soko na kuchukua ada yake. Sehemu kubwa ya pesa zinazoingia kwenye mafuta na gesi hupita njia hii ya pili, ilhali kanuni nyingi nzuri zinazosifiwa ziliandikwa kwa ajili ya ile ya kwanza.

Bwawa lililozaa dirisha la malalamiko

Mwaka 1985 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 450 kwa bwawa la Sardar Sarovar kwenye mto Narmada, magharibi mwa India. Benki ilikuwa tayari na sera yake ya kuhamisha watu, iliyoandikwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na sera hiyo ilisomeka vizuri. Tatizo ni kwamba mwanakijiji aliyekuwa akihamishwa hakuwa na mahali pa kwenda kusema, “Hamkuifuata.” Sera ilikuwa barua ambayo benki imejiandikia yenyewe.

Wanavijiji wa bonde hilo, katika vuguvugu la Narmada Bachao Andolan ambalo Medha Patkar alikuwa sauti yake inayojulikana zaidi, walipinga kwa miaka. Walisimama majini, walifunga kula, walituma wajumbe hadi Washington. Hatimaye benki iliunda tume huru chini ya Bradford Morse, aliyewahi kuongoza Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Ripoti yake ya Juni 1992 ilieleza kwamba watu wasiopungua 100,000 katika vijiji 245 waliishi kwenye eneo litakalofunikwa na maji, na kwamba si benki wala serikali iliyokuwa imefanya kazi ya kutosha kujua hata ni akina nani. Ripoti ikaishauri benki irudi nyuma. Wakurugenzi wakapiga kura kuendelea kwa masharti, kisha Machi 1993 India yenyewe ikaomba sehemu ya mkopo iliyobaki ifutwe.

Wapo wanaoishia hapo na kushangilia. Lakini India iliendelea kulijenga bwawa hilo kwa pesa zake, na likazinduliwa rasmi Septemba 2017. Kwa aliyekuwa na shamba chini ya maji, mkopo uliofutwa haukumrudishia chochote. Kilichobadilika kilikuwa mahali pengine. Septemba 1993 Benki ya Dunia iliunda Jopo la Ukaguzi, na kwa mara ya kwanza watu wawili au zaidi walioathiriwa na mradi wake waliweza kupeleka malalamiko moja kwa moja, bila kupitia kwa serikali yao, na jopo likachunguza kama benki imefuata sera zake. Jopo haliwezi kuamuru fidia. Linachoweza ni kuilazimisha benki ijibu kwa maandishi, hadharani, mbele ya wakurugenzi wake. Baadaye benki nyingine za maendeleo nazo zikaweka madirisha yao ya malalamiko.

Neno wajibu na neno jibu halitoki shina moja, na wataalamu wa lugha watanikemea nikiyafungia ndoa. Hata hivyo sijaona ufafanuzi bora wa kuwajibika kuliko huo: kulazimika kujibu unapoulizwa na mtu uliyemuumiza.

Ugumu wa kulisogeza jambo hili kutoka kwenye dirisha hadi mahakamani umeonekana Gujarat, jimbo hilohilo linalokaa bwawa la Narmada. Shirika la Fedha la Kimataifa, mkono wa Kundi la Benki ya Dunia unaokopesha sekta binafsi, lilitoa dola milioni 450 kwa mtambo wa makaa ya mawe wa Tata Mundra. Wavuvi na wakulima wa jirani walilalamikia maji ya moto yanayomwagwa baharini na vumbi la makaa. Mkaguzi wa ndani wa shirika alikubali kwamba kulikuwa na kasoro za usimamizi, lakini mambo hayakwenda. Wakaenda mahakamani Marekani. Februari 2019 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, majaji saba kwa mmoja, kwamba mashirika ya kimataifa ya aina hiyo hayana kinga isiyo na mipaka. Ulikuwa ushindi uliotikisa ofisi nyingi. Kesi iliporudi mahakama za chini ikafutwa, kwa hoja kwamba kiini cha madai kilitokea India na si Marekani. Mlango ulifunguliwa, nao walioufungua hawakuruhusiwa kupita.

Kanuni za Ekweta na bomba la Dakota

Benki za biashara hazina Jopo la Ukaguzi. Januari 2003 asasi nyingi za kiraia zilikutana Collevecchio, Italia, zikatoa tamko la kuzitaka benki zitambue kwamba mkopo una matokeo nje ya vitabu vya hesabu. Juni mwaka huohuo benki 10, zikiwemo Citigroup, Barclays na ABN AMRO, zilitangaza Kanuni za Ekweta. Kabla ya kukopesha mradi mkubwa, benki ingeupanga katika daraja A, B au C kulingana na athari zake, A ikiwa ya athari kubwa zaidi, ingedai tathmini ya athari kwa mazingira na jamii, na ingeingiza hatua za kurekebisha ndani ya mkataba wa mkopo. Leo taasisi zaidi ya 100 zimezikubali, na kwa mikopo ya miradi zinaanzia dola milioni 10.

Sehemu ya mwisho, ile ya kuingiza hatua ndani ya mkataba, ndiyo yenye nguvu kuliko zote, ingawa haizungumzwi sana. Kampuni ikishasaini kwamba italipa fidia kabla ya kuanza kuchimba, ahadi yake ya mazingira imekuwa sawa na ahadi ya kurudisha pesa. Ikiivunja, imevunja masharti ya mkopo. Kasoro ni kwamba mwenye haki ya kulidai sharti hilo ni benki, na benki ikiamua kunyamaza, aliyeandikiwa sharti hawezi kulidai.

Bomba la mafuta la Dakota Access lilionyesha matundu mengine. Mwaka 2016 watu wa kabila la Standing Rock Sioux nchini Marekani, pamoja na maelfu waliokuja kuwaunga mkono, walipiga kambi kupinga bomba lisipite chini ya mto Missouri, karibu na chanzo chao cha maji. Mkopo wa mradi ulikuwa dola bilioni 2.5 kutoka benki 17, nyingi zikiwa zimesaini Kanuni za Ekweta. Zilivukaje mtihani? Kwa sababu kanuni za wakati huo ziliziweka nchi tajiri katika kundi la nchi “teule”, ambazo sheria zake zilihesabiwa kuwa tayari zinatosha. Mradi ukifuata sheria ya Marekani, umefaulu. Ulinzi ambao ungemhusu mwenyeji wa asili akiwa Amazoni haukumfikia mwenyeji wa asili wa Dakota.

Shinikizo likapanda. ING, DNB na BNP Paribas ziliuza vipande vyao vya mkopo mwaka 2017. Na hapa uone ujanja wa soko: kipande kikiuzwa kuna aliyekinunua, mkopo haukupungua hata senti. Mafuta yalianza kupita Juni 2017. Matunda yalikuja baadaye na kimyakimya, pale kanuni zilipoandikwa upya mwaka 2019 na kuanza kutumika 2020, zikidai kwamba hata katika nchi teule athari kwa watu wa asili zichunguzwe. Mtu aliyelala kwenye baridi ya kambi ile hakulala kwa ajili ya aya moja katika waraka wa benki. Ila aya ndiyo iliyopatikana.

Na bado zile pesa za njia ya pili ziko nje kwa sehemu kubwa. Chukua hati fungani. Desemba 2023 kundi la taasisi za fedha linalotunga mbinu za kupima hewa ukaa ya mikopo lilitoa kanuni ya kuhesabu hewa ukaa inayotokana na hati zinazotafutiwa soko na benki. Baada ya mabishano marefu walikubaliana kwamba benki ijihesabie asilimia 33 tu. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi, kwani benki haibaki na deni hilo vitabuni mwake. Lakini kampuni inayohamisha ukopaji wake kutoka kwenye mkopo wa kawaida kwenda kwenye hati fungani inaisafisha benki yake theluthi mbili bila kuziba kisima hata kimoja.

Sheria zinapoingia

Mtu akiyatazama haya yote ataona kwa nini watetezi wengi wamehamia upande wa sera ya umma. Kanuni ya hiari hukaa mpaka hali ya hewa ya siasa ibadilike, na hali hiyo ilibadilika mapema. Mwaka 2021 jimbo la Texas lilipitisha sheria inayoitaka mifuko ya umma ya jimbo iondoe pesa zake kwa taasisi zinazodaiwa kuzisusia kampuni za mafuta na gesi. Silaha ileile ya kuhamisha pesa za umma, ila imeelekezwa kwingine. Benki iliyokuwa ikiogopa bango nje ya makao makuu sasa inaogopa pia barua ya mwanasheria wa jimbo.

Makubaliano ya Paris ya 2015 yana kifungu kidogo, cha 2.1(c), kinachotaka mtiririko wa fedha uendane na njia ya kupunguza hewa ukaa na kustahimili mabadiliko ya tabianchi. Maneno machache, lakini yaliwapa mawaziri wa fedha na benki kuu sababu ya kukaa meza moja na watu wa mazingira. Septemba mwaka huohuo Mark Carney, akiwa gavana wa Benki Kuu ya Uingereza, aliwaambia watu wa bima kwamba athari za tabianchi zitaonekana nje ya muda ambao wafanyabiashara, wanasiasa na hata magavana huutazama. Watetezi walikuwa wakisema hivyo zamani, ila ilihitaji kutoka kinywa cha gavana ili igeuke kuwa hoja ya uthabiti wa mabenki.

Sheria zenyewe si za namna moja. Rahisi kupita bungeni ni zile za kutangaza: kampuni iseme inazalisha kiasi gani cha hewa ukaa na inakabiliwa na hatari gani. Zina faida, kwa kuwa huwezi kumdai mtu kwa kitu ambacho hakukiandika. Na mwenye kuandika uongo ananaswa. Oktoba 2022 mamlaka ya kusimamia matangazo Uingereza ilipiga marufuku mabango ya HSBC yaliyojisifia uwekezaji wa kijani na miti milioni mbili, kwa kuwa yalificha kwamba benki ilikuwa bado inagharamia shughuli zenye uchafuzi mkubwa. Mwaka uliofuata mdhibiti wa masoko ya mitaji wa Marekani aliitoza DWS, kampuni ya uwekezaji ya kundi la Deutsche Bank, dola milioni 19 kwa kueleza kupita kiasi jinsi inavyozingatia mazingira, na 2025 waendesha mashitaka wa Frankfurt wakaitoza euro milioni 25. Ona lakini kosa lililoadhibiwa. Aliyeadhibiwa ni aliyedanganya kuhusu moshi. Aliyetoa moshi na kuutangaza kwa usahihi hana kesi.

Zipo sheria za kutafsiri neno, na hizo ndizo zenye vita vikali zaidi kwa sababu mwenye kushika maana ya neno ameshika pesa. Umoja wa Ulaya ulianza mwaka 2020 kuandika orodha ya shughuli zinazostahili kuitwa endelevu. Mwaka 2022 Tume ya Ulaya iliingiza gesi asilia na nyuklia kwa masharti. Julai mwaka huo jaribio la kuizuia bungeni lilishindwa, na kuanzia Januari 2023 mtambo wa gesi unaotimiza masharti ukawa kwenye orodha. Austria ilikwenda mahakamani na Septemba 2025 ikashindwa. Unaweza kukubaliana na uamuzi ule au kuukataa, lakini mtetezi aliyedhani kazi imekwisha siku orodha ilipopitishwa alijifunza kwamba viambatisho huandikwa baada ya watu kwenda nyumbani.

Zinazonivutia mimi ni za namna ya tatu, za wajibu. Machi 2017 Ufaransa ilitunga sheria inayozitaka kampuni kubwa ziwe na mpango wa kubaini na kuzuia madhara makubwa kwa haki za binadamu na mazingira katika shughuli zao, za kampuni tanzu na za wanaowauzia, na ikampa mwenye maslahi haki ya kwenda mahakamani mpango ukiwa wa mapambo. Februari 2023 asasi tatu, zikiwemo Oxfam Ufaransa na Friends of the Earth Ufaransa, ziliishitaki BNP Paribas kwa sheria hiyo, zikidai kwamba kuzigharamia kampuni zinazofungua visima vipya hakupatani na wajibu huo. Kwa Uholanzi mahakama ya The Hague iliiamuru Shell, Mei 2021, ipunguze hewa ukaa kwa asilimia 45 ifikapo 2030 ikilinganishwa na 2019. Novemba 2024 mahakama ya rufaa iliifuta tarakimu hiyo, lakini ikashikilia kwamba kampuni ina wajibu wa kisheria wa kupunguza. Wajibu umebaki bila kipimo. Ni kama kuambiwa na hakimu kwamba unadaiwa, kiasi kitajulikana.

Pesa za umma, na zako

Kwa maoni yangu ushindi mkubwa zaidi haukupatikana kwa benki binafsi. Ulipatikana kwa pesa za serikali. Kwa miaka mingi mitambo ya makaa ya mawe katika nchi zinazoendelea iligharamiwa hasa na taasisi za umma za China, Japani na Korea Kusini, kwa sababu benki binafsi zilikuwa zimeanza kusitasita. Mwaka 2021 zote tatu zilibadilika: Korea Kusini ilitangaza Aprili, Japani ikafungwa na tamko la nchi saba tajiri Juni, na Septemba China ikaliambia Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa kwamba haitajenga mitambo mipya ya makaa nje ya nchi. Oktoba nchi za OECD, jumuiya ya kiuchumi ambayo wengi wa wanachama wake ni nchi tajiri, zikakubaliana kusitisha mikopo ya mauzo ya nje kwa mitambo ya makaa isiyonasa hewa ukaa yake. Bunge likiulizwa kuhusu pesa za walipa kodi lazima mtu ajibu. Mkurugenzi wa benki binafsi ana wanahisa tu.

Mifuko ya pensheni inakaa katikati. Pesa ni za wafanyakazi, uamuzi ni wa wadhamini, na mfanyakazi hajui kama makato yake ya kila mwezi yamenunua hisa za mgodi. Kikulacho ki nguoni mwako. Mfano unaofaa kusomwa ni mfuko wa mafuta wa Norway, mkubwa kuliko mifuko yote ya kitaifa duniani. Una baraza la maadili tangu 2004, na 2015 bunge liliamua uachane na kampuni ambazo asilimia 30 au zaidi ya mapato au shughuli zake ni makaa ya mawe. Watetezi walionyesha kwamba kampuni kubwa mno zilikuwa zikipenya, kwa kuwa makaa yao, ingawa mengi sana, yalikuwa chini ya asilimia 30 ya biashara yao pana. Mwaka 2019 kikaongezwa kipimo cha wingi: tani milioni 20 kwa mwaka, au uwezo wa megawati 10,000. Walioondolewa walitajwa hadharani pamoja na sababu. Kejeli haikosekani, mfuko wenyewe umejazwa na mapato ya mafuta, na Wanorwe huwa wa kwanza kuicheka.

Wanaopinga wana hoja

Pingamizi la kwanza ni kwamba pesa ni kama maji, ukiziba huku zinatokea kule. Mgodi wa Carmichael, Australia, unaitia nguvu hoja hiyo. Benki nne kubwa za nchi hiyo zilijitenga na mradi, na nyingine nyingi za nje pia. Novemba 2018 kampuni ya Adani ikatangaza kuujenga kwa pesa zake, na mwisho wa 2021 makaa ya kwanza yalikuwa bandarini tayari kusafirishwa. Ndiyo, lakini mpango wa awali ulikuwa wa kufikia tani milioni 60 kwa mwaka, na uliojengwa ni mdogo sana kuliko huo. Kukosa mkopo hakukuua mgodi, kuliupunguza. Anayetaka jibu la ndiyo au hapana hataridhika hapo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Nchi maskini zinauliza: sisi tuliochangia kidogo sana katika hewa ukaa iliyopo angani, kwa nini mlango wa mikopo ufungwe zamu yetu ilipofika? Ni swali halali, na mtetezi anayelijibu kwa takwimu za joto la dunia hajalijibu. Jibu liko kwenye riba. Mtambo wa gesi unanunua mafuta yake kidogo kidogo kwa miaka 25. Mtambo wa jua unanunua karibu kila kitu siku ya kwanza, kisha jua ni la bure. Kwa hiyo bei ya umeme wa jua ni, kwa sehemu kubwa, bei ya kukopa. Nchi inayokopeshwa kwa riba ya chini itauona umeme wa jua kuwa rahisi, na nchi inayotozwa riba mara mbili au tatu itauona ghali, japo jua lake ni kali zaidi. Sera inayofunga mkopo wa gesi bila kugusa riba ya jua imefunga mlango na kuacha dirisha lina komeo. Baadhi ya asasi za mazingira zimechelewa kulielewa hili, na kuchelewa huko kumewagharimu imani ya watu waliopaswa kuwa upande wao.

Kalenda ya mkopo

Kilichobaki ni suala la muda, na hapa wengi hukosea. Nguvu ya mtetezi iko juu kabla mkopo haujasainiwa, inapungua ukisainiwa, na pesa ya kwanza ikitoka imebaki kidogo. Kampeni nyingi huanza tingatinga likishaonekana, wakati tathmini ilishapita, bima ilishakatwa na wakopeshaji walishagawana vipande.

Benki binafsi nyingi hazitangazi mkopo wa mradi mpaka umefungwa. Benki za maendeleo hutangaza. Shirika la Fedha la Kimataifa, kwa mradi wa daraja A, huweka wazi muhtasari wa athari na mpango wa hatua za mazingira na jamii siku zisizopungua 60 kabla ya bodi kuujadili, na kwa daraja B siku 30. Mpango huo ndio utakaoingia kwenye masharti ya mkopo. Fidia ikitajwa humo na tarehe yake, ina mdai. Ikiandikwa kwamba kampuni “itajitahidi”, haina.

Siku 60 si nyingi. Nyaraka huwa mamia ya kurasa, kwa lugha ambayo mara nyingi wanaoishi kwenye eneo la mradi hawaisomi, zikiwa kwenye tovuti ambayo hakuna aliyewaambia kwamba ipo. Mtu mmoja azione, azifasiri, akutane na wazee, akinamama na wavuvi, aandike maoni yenye kutaja ukurasa na aya, ayatume kwa wakurugenzi wa nchi ambazo pesa zake zimo. Siku ya 61 bodi inaweza kukaa na kupiga kura.